Mama Mkata Mafunjo na Fundo Nililolihamisha

Ujumbe ulinifikia Jumanne asubuhi nikiwa Ndhiwa, nimekaa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Ulitoka kwa binti wa mwisho wa marehemu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi huko Uriri, nao ulikuwa mfupi: "Mwalimu, Mama ametuacha jana. Tutazika Jumamosi." Nilimwomba kinyozi azime mashine kidogo. Aliuliza kama amenikata. Nikamwambia hapana, halafu sauti ikanikataa, na yule bwana akaelewa, akapunguza redio, akaenda kusimama mlangoni mpaka nilipokuwa tayari. Wasomaji wa siku nyingi wa safu hii huenda wakamkumbuka marehemu. Ni yule mama mkata mafunjo wa Homa Bay niliyemwandika miaka saba iliyopita, nikaweka na picha ya kiota cha korongo wenye taji chenye mayai matatu. Makala ile ilisifiwa sana, na mimi nilizipokea sifa zote bila kurudisha hata moja. Leo nataka kumuaga, na sitaweza kumuaga vizuri bila kusema jambo ambalo makala ile ililificha.

Mafunjo, kwa asiyeyajua, ni yale majani marefu ya majini yenye shina la pembe tatu na kichwa cha nywele nyingi za kijani. Kwa Kiluo huitwa togo. Humo ndimo hutoka mikeka, kamba, dari za nyumba na vibanda vya akina mama wanaouza omena, dagaa wa ziwani. Kinamasi cha mji wetu, ambamo mafunjo hayo yanaota, kinaanzia nyuma ya soko, kinapita chini ya kichinjio na kushuka hadi ziwani. Wakubwa wakija na vipaza sauti hukiita ardhi oevu, wakaeleza manufaa yake, wakapigiwa makofi, wakaondoka. Wenye malori ya kifusi hukiona ni kiwanja ambacho bado hakijajazwa. Watu wa soko nao hulalamikia mbu. Marehemu hakukiita lolote kati ya hayo. Alisema tu "kwao", na ukimwuliza kwao nani, alianza kukutajia huku akisuka, bila kuinua kichwa: kwa kamongo, kwa kenge, kwa chatu, kwa vyura, kwa "ile ndege nyeusi ya kifua nyekundu inaimba bwana na bibi wakijibizana", na kwa fisi maji, kama bado yupo. Kabla ya kuingia majini alikohoa, akapiga hodi kwa sauti. Mara ya kwanza nilicheka. Akanigeukia, maji yakiwa yamemfika magotini. "Sasa Japuonj, wewe ukienda kwa watu unaingia tu?" Japuonj ni mwalimu, na hilo ndilo jina aliloniita hadi mwisho, ingawa chaki niliiacha zamani.

Nisimfanye malaika, maana angenicheka. Kuna mwaka wa kiangazi kikali, mtu mmoja alikuwa akichimba msingi wa kibanda cha kuoshea magari pembezoni mwa kinamasi, jembe lake likapasua bonge la udongo mkavu na ndani yake kukaonekana kitu kimejikunja, kinateleza, kinapumua. Mtu yule alitupa jembe akakimbia hadi barabarani akipiga kelele kwamba ni nyoka. Mama alikuja taratibu na mzigo wake kichwani, akachungulia, akacheka mpaka akalazimika kuutua mzigo. Alikuwa kamongo, samaki yule wa matope, ambaye maji yakikauka hujizika na kulala miezi hadi mvua irudi. "Huyo amelala anangoja maji yake," akawaambia wale wachimbaji. "Nyinyi ndio mnajenga kwa kitanda yake." Niliandika maneno hayo kwenye daftari mara moja, nikaona nimepata hitimisho la makala. Wiki iliyofuata nikamwuliza kama alimrudisha majini. "Nimrudishe?" akashangaa. "Tulimpika na nyanya."

Hata na hao korongo wenye taji hakuwa na mapenzi ya kwenye kalenda. Mvua za kwanza zikinyesha, walipanda kutoka kinamasini hadi shambani kwake, kule kilimani upande wa barabara ya Ndhiwa, wakang'oa mahindi machanga mche kwa mche. Aliwafukuza kwa mawe na matusi ya Kiluo ambayo hayawezi kuchapishwa hapa. Lakini korongo yule yule aliyemtukana asubuhi shambani, mchana akimkuta ametaga katika mafunjo, angepita mbali, ameinamisha kichwa, kama mtu anayepita mbele ya mkwe. Nilimwuliza sababu. Alisema shamba ni lake na maji ni ya ndege, na kwamba yeye akiwa kule chini ni mgeni wa korongo. Kisha akanieleza jambo la pili, ambalo ndilo lililonivutia hasa: wakata mafunjo walitazama urefu wa kile kiota. Korongo akirundika majani mengi, akainua kiota juu sana, wao walijua maji yatapanda, wakahamisha mafunjo yao ya kukausha hadi sehemu ya juu. Akijenga chini, waliyaacha pale pale. "Hiyo ndege iko na akili kushinda yule injinia anakujanga kupima maji na miti ya rangi," alisema. Wataalamu watapima wenyewe kama ni kweli. Mimi najua tu kwamba akina mama wale waliishi kwa kuamini hivyo, na mizigo yao kwa kawaida haikuchukuliwa na maji.

Kwa hiyo kiota kililindwa, na kililindwa kwa fundo. Nieleze vizuri, kwa kuwa kila kitu kinategemea hapa. Akina mama walikata wakitoka upande wa soko kuelekea ziwani, kila mmoja katika kipande chake. Aliyekuta kiota alirudi nyuma hatua kadhaa upande wa soko, akainamisha mashina matatu ya mafunjo na kuzisokota pamoja nywele za vichwa vyake. Maana yake ilikuwa moja: kata mpaka hapa, usipite. Kila kilichokuwa ng'ambo ya fundo, upande wa ziwani, kilifungwa mpaka vifaranga watembee. Hapakuwa na mlinzi, hapakuwa na faini. Katika mji huu nimeona vigingi vya saruji vya mipaka vikihamishwa na watu waliovaa suti, na kesi zake zikazeeka mahakamani, lakini fundo la majani sikuwahi kusikia likigeuzwa. Nadhani ni kwa sababu kila mwanamke pale alijua kwamba siku moja naye atalifunga na atataka liaminiwe. Hivyo ndivyo nilivyoandika katika makala ile, kwa maneno mazuri kuliko haya, nikiwa tayari nimeshaliharibu.

Kiota cha ile picha marehemu alinionyesha siku ya Jumamosi, akiwa amekwisha kukifungia fundo, kwa mbali, kwa kidole. Jumapili baada ya misa nilirudi peke yangu. Mimi nimelelewa Asumbi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa misheni, baba yangu akiwa seremala pale, na maji ya kinamasi niliyajua kwa kuyaangalia tu nikiwa barabarani. Nilikuwa nimevaa suruali ya kanisani na viatu vyangu vyeusi vya kamba. Nilipandisha suruali, nikaingia hivyo hivyo na viatu, nikaielekeza simu kwenye kiota, na kila nilipojaribu kupiga picha lile fundo lilikaa katikati na kuficha yai la tatu. Korongo mwenyewe alikuwa amesimama kando ananitazama. Nilijua fundo ni alama. Sijifanyi sikujua. Ila nilidhani ni alama ya aina ya bango, kwamba ukilisogeza kidogo bado linasomeka. Nikalifungua. Nikapiga picha zangu, nzuri kweli. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu mstaarabu, nikalifunga upya kwa mashina mengine matatu, hatua nne tano mbele ya kiota, upande wa ziwani, mahali ambapo halingemkera mpiga picha mwingine. Nikaenda nyumbani nimeridhika. Kiota sasa kilikuwa upande wa soko wa fundo, yaani mahali panaporuhusiwa kukatwa.

Jumatatu ilikuwa zamu ya mkaza mwana wa marehemu katika kipande kile. Huyu alikuwa ameolewa kutoka Kuria, kule mpakani, bado mgeni katika boma na mgeni zaidi katika maji, na kwa kuwa yeye hakujua Kiluo na mama mkwe hakujua Kikuria, walizungumza Kiswahili. Wote walimwita nyar Kuria, binti wa Kuria. Alikata alivyofundishwa, akitazama fundo lililokuwa mbele yake, na mafunjo ni mazito, huoni kilichomo hadi mashina yameanguka. Alipokiona kiota, upande mzima uliokuwa ukikifunika ulikuwa umelala majini. Korongo walikuwa wamekwisha kuruka. Aliacha panga lake pale pale akakimbia kumwita mama mkwe. Waliporudi, makongoti wa kichinjioni, wale ndege wakubwa wenye vipara, walikuwa wamesimama juu ya kiota, na mayai hayakuwapo. Ijumaa gazeti likatoka na picha yangu ya mayai matatu. Wanafunzi waliniandikia barua. Mhariri alinipigia simu kunipongeza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla wala hajalirudia.

Kati ya Jumatatu na Ijumaa hiyo kulikuwa na Jumanne, na Jumanne ndiyo siku ninayoikumbuka nikiwa naoga, nikiwa nakula, nikiwa nasubiri kuvuka barabara. Akina mama walikutana ukingoni, wakiwa saba au wanane, na marehemu akaniita niwepo kwa sababu nilikuwa nimekiona kiota kikiwa salama. Nyar Kuria alisimama mbele yao, nguo bado zina matope. "Mimi nimekata mpaka fundo," alisema. "Fundo lilikuwa pale. Mimi sijagusa." Mmoja akadakia, "Yawa, kumbe fundo inatembea?" Wakacheka, kicheko kile kisicho na furaha. Mwingine akasema wazi kilichokuwa vichwani mwa wote: kwamba mgeni alipita mpaka, akaona alichofanya, kisha akafunga fundo jingine mbele ili ajitetee. Marehemu aliingia majini, akayakata yale mashina matatu niliyofunga mimi, akarudi nayo mkononi akiyageuza. Kisha akauliza, "Nani alifunga hii?" Akauliza mara ya pili, safari hii akimtazama kila mmoja usoni, na macho yake yakanifikia na mimi. Nilikuwa na daftari. Niliinama nikaandika tarehe.

Walitaka nyar Kuria asiingie majini mwaka mzima. Marehemu akasema mpaka mvua zijazo zipite inatosha. Basi mwanamke yule akahamia stendi, akawa anauza mahindi ya kuchemsha, na walikuwapo watu waliompa jina la mhamisha fundo, wakamwita hivyo mbele ya abiria. Kazi ya maji, ambayo alikuwa ameanza kuishika, ikampita. Isitoshe, mvua zilipokuja hapakuwa na kiota cha kutazama, maji yakapanda kwa ghafla, na mafunjo ya kukausha ya akina mama wote yakaondoka kuelekea ziwani, kazi ya wiki nyingi. Mimi nilikuwa nikipita stendi kila siku. Nilinunua mahindi mengi msimu ule kuliko mtu mmoja anavyoweza kula; mengine niliwapa mbuzi wa jirani. Nilijiambia namsaidia. Nilijiambia pia kwamba nikisema sasa nitaharibu makala iliyowafanya watu waanze kukipenda kinamasi, na kwamba sababu hiyo ni ya manufaa ya umma. Mtu akiwa na kalamu hakosi sababu ya manufaa ya umma. Ukweli ni kwamba niliona aibu, na kila wiki iliyopita aibu ilizidi kuwa nzito kuinua.

Mvua zilipokwisha marehemu alimrudisha mkaza mwana wake majini, tena akamweka mbele, awe wa kwanza kuingia. Nilidhani amemsamehe. Nikaona basi, mambo yamekwisha yenyewe. Niliendelea kumtembelea mama yule, mara moja kwa mwezi, wakati mwingine zaidi, na sasa nikiitafuta sehemu ya maisha yangu iliyokuwa tulivu ni zile saa za mchana katika ua wake, harufu ya mafunjo mabichi yaliyokatwa asubuhi, mikono yake ikienda na kurudi. Tulikunywa chai. Halafu aliacha kuzungumza. Angeweza kukaa kimya muda mrefu, ananitazama bila ukali, na mimi nikidhani ni uzee unaingia nikajaza ule ukimya na habari za siasa, za bei ya mbolea, za nani anagombea nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nikiondoka alinisindikiza hadi langoni na kusema, "Haya Japuonj, ukipata nafasi rudi." Ningetoa chochote nilicho nacho nikae tena katika ule ukimya hata kwa robo saa, na safari hii nifunge mdomo kuhusu mbolea.

Miaka hiyo kinamasi nacho kilikuwa kinapungua. Mahali alipochimbwa yule kamongo sasa kuna mashine ya kuoshea magari na povu lake linateremka moja kwa moja. Kifusi kimesogea hadi karibu na kichinjio. Bado maji ya mji yanaingia machafu na kutoka upande wa chini yakiwa safi kiasi cha kuona vidole vyako, na mpaka leo mji haujamlipa wala kumshukuru yeyote kwa kazi hiyo. Lakini ile sauti ya korongo asubuhi, ile iliyokuwa ikisikika hadi sokoni na kuwafanya wachuuzi wanyamaze kidogo, sijaisikia kwa misimu miwili. Kila nikipita huwa nasimama nikisikiliza. Nasikia pampu. Sikatai kwamba ulimwengu hubadilika na miji hukua, na mimi mwenyewe nimeosha gari pale. Nasema tu kwamba ninaikumbuka sauti ile kwa namna ya mtu anayemkumbuka mtu.

Jumamosi tulimzika kwake, kule juu. Waombolezaji waliketi juu ya mikeka aliyoisuka mwenyewe, hadi mingine ilikuwa haijaisha, nyuzi zinaning'inia. Mwongoza shughuli alinitambulisha kama mwandishi aliyemfanya mama yetu ajulikane Kenya nzima, akaniita nizungumze. Nilisimama. Nilikuwa nimeamua njiani kwamba nitasema. Nikatazama ule umati, wachungaji, wazee, watu wa kaunti wenye miwani myeusi, nikasema maneno matamu kuhusu hekima yake na mazingira, watu wakatikisa vichwa, nikakaa. Nilipokaa nilijichukia hata nikashindwa kubaki pale kitini. Nikazunguka nyuma ya jikoni, nikamkuta nyar Kuria akisugua sufuria kwa majivu. Sasa ni mama mzima, ana watoto watatu, na anazungumza Kiluo kizuri kuliko mimi.

"Nyar Kuria," nikasema, nikiwa bado nimesimama, "lile fundo la mwaka ule. Ni mimi nililihamisha. Nilikuwa napiga picha."

Hakuinua macho. "Najua, Mwalimu."

Nilidhani hakunisikia. Nikarudia. Akasema tena kwamba anajua, akachota maji akasuuza ile sufuria, akaigeuza ikauke. "Najua tangu ile siku. Mama aliniita kwa nyumba akaniwekea hiyo fundo mbele yangu. Akasema angalia vizuri. Ilikuwa na masikio mbili. Sisi hatufungangi hivyo, sisi tunasokota tunaingiza chini. Hiyo ilikuwa fundo ya kiatu. Sasa huko ndani nani alikuwa na viatu ya kamba?"

"Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwomba akuambie. Nililia, hata. Nikamwambia, mimi natukanwa kwa stendi na yeye anakuja anakula mahindi yangu. Akakataa. Akasema, huyo ni mtu mzima, tena ni mwalimu, nikimwambia mimi itakuwa ni kumuaibisha. Wacha aseme mwenyewe. Atakuja tu." Akatafuta sufuria nyingine. "Kila ukikuja, Mwalimu, ukifika kwa geti, ananiambia weka chai, pengine ni leo. Ukienda ananiambia, bado."

Nilimwuliza kama alisema hivyo hadi mwisho. Akajibu kwamba mwezi uliopita, akiwa tayari hawezi kuinuka, aliuliza kama nimekuja, na yeye akamwambia nilipiga simu kwamba nina kazi Migori. Ni kweli nilipiga. Ni kweli nilikuwa na kazi Migori. Ilikuwa semina, na nilizungumza pale kuhusu uadilifu wa mwandishi. Nilimwambia nyar Kuria pole, neno ambalo halikutosha hata kwangu mwenyewe. "Nisikudanganye," akasema, "mimi bado niko na hasira kidogo, kwa wewe na kwa yeye pia. Lakini leo si siku ya hasira. Mimi najua tayari. Hao wengine ndio hawajui. Ambia wao." Kisha akanipa kitambaa. "Sasa kama unasimama hapo, pangusa sahani." Nikapangusa sahani. Wazee waliopita walinitazama vibaya, mwanaume na shati lake jeupe nyuma ya jikoni, na kwa mara ya kwanza siku ile sikujali nani ananitazama.

Jumatatu nilishuka ukingoni nikawaambia akina mama. Wamebaki wanne. Yule aliyeuliza kama fundo linatembea alinitazama muda mrefu, kisha akamgeukia nyar Kuria akamwambia jambo kwa Kiluo, kwa sauti ya chini, na nyar Kuria akaitikia kwa kichwa. Hawakunifokea. Wakaingia majini wakaniacha nimesimama. Na leo nawaambia ninyi mlioisoma makala ile na kuikata na kuibandika ukutani, kama wengine walivyonieleza: mayai yale matatu hayakuanguliwa, na aliyesababisha ndiye aliyewaandikia kuhusu uzuri wake.

Nimefikiri sana juu ya uamuzi wa marehemu, na nisiposema kwamba ninaupinga nitakuwa nadanganya tena. Alinistahi kupita kiasi. Alimwona mwanaume, mwalimu, mtu wa gazeti, akaona si vyema kumvua nguo mbele ya watu, na gharama ya staha hiyo akaibeba mwanamke aliyetoka mbali ambaye hakuwa na wa kumtetea. Ndivyo tunavyoishi huku kwetu, tunawalinda wenye vyeo wasiaibike na tunawaachia wadogo walipe, kuanzia ukingo wa kinamasi hadi ofisi kuu, halafu tunashangaa kifusi kinatoka wapi. Lakini yeye angalau alinipa njia ya kurudi, akaiacha wazi, na kila mwezi aliweka chai akaitazama hiyo njia. Kama kuna funzo nililolipata, ni kwamba kinamasi kile hakikuwahi kulindwa na hotuba wala picha. Kililindwa na watu wachache waliokuwa wakweli katika jambo dogo kiasi cha majani matatu yaliyosokotwa, na siku mmoja wetu alipodanganya hapo, hata kwa kunyamaza, makongoti walishuka. Anayetaka kusaidia mazingira ya mji huu aanze na kosa lake mwenyewe, alitaje kwa jina, mbele ya aliyeumia, wakati bado yupo wa kusikia. Mama mkata mafunjo alinisubiri miaka saba. Sijui mimi nilikuwa nasubiri nini.